Masale Kwenye Ndoo za Rangi

Mimi ni mtu wa shamba, na kwa muda mrefu niliamini kwamba anayepanda kitu kwenye ndoo amekosa ardhi au amekosa akili. Shukrani, mke wa mwanangu Yohane, nilimweka kwenye kundi la kwanza, kwa sababu ni mzaliwa wa Mbagala, Dar es Salaam, na huko kwao uwanja wa nyumba unatosha kuanika kanga mbili tu. Alipoanza kuokota madebe ya watu na kuyajaza udongo, nikaanza kumfikiria kundi la pili.

Alihamia kwangu, hapa juu kidogo ya mji wa Lushoto, kwa sababu ya nyonga yangu. Masika ya mwaka juzi niliteleza shambani kule bondeni, ikavunjika. Iliunga, ila si kwa kiwango cha kuteremka miteremko yetu, ambayo hata mbuzi huiteremka kwa adabu. Yohane anafanya kazi Tanga na huja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tukabaki wanawake wawili ndani ya nyumba moja, mmoja anashona kwa cherehani, mwingine ananuna.

Nilinuna kwelikweli. Aliyeshika jembe tangu utotoni, ukimkalisha kwenye kiti cha plastiki, atafanya nini kingine? Kila siku niliuliza shamba likoje. Vijana wa kanisani waliokuwa wakinisaidia kulima walinijibu, "Lipo, bibi," kana kwamba nimeuliza kama limetoroka.

Shukrani hakubishana nami. Alichukua ndoo ya rangi iliyoachwa na mafundi, akaitoboa chini kwa msumari wa moto, akapanda mboga ya mnafu. Wiki chache baadaye tukala mnafu. Nikasema una chumvi nyingi, lakini sahani niliifuta kwa kipande cha ugali. Kisha likaja debe la mafuta na jeraniumu nyekundu, karai lililotoboka na vitunguu majani, birika lisilo na mfuniko na mnanaa, buti la mvua la marehemu mume wangu na maua yale yanayoning'inia kama hereni. Kwenye buti nilipiga kelele. Halafu nikaliangalia siku nzima, nikaona marehemu angecheka, nikaliacha.

Kilichonimaliza ni matofali. Siku moja niliona ndoo zote zimepandishwa juu ya matofali, nyingine matatu, nyingine manne, nikauliza ni urembo gani tena huu.

"Ni kimo cha mkono wako, mama," akasema. "Usiiname."

Jioni ile nilimwagilia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Tangu hapo ua wangu ukawa shamba langu. Kiangazi hiki, mwezi wa Februari, ulikuwa umechangamka kuliko wakati wowote. Ukungu ulikuwa ukiondoka mapema, jua linawaka safi, upepo wa kutoka msitu wa Magamba unalipoza. Nilikuwa nazunguka na fimbo mkono mmoja na kopo mkono mwingine, nachuma stroberi kwenye beseni lenye ufa, nanusa rozmari, naikemea nyanya iliyojaa majani bila matunda. Rafiki yangu Klara wa Kifungilo alikuwa ameniletea jani la ua lile dogo la zambarau la miambani; nililipanda kwenye kikombe cha bati kilichokatika mkono, na likatoa maua. Nakwambia, nilikuwa na furaha. Sikumwambia Shukrani, maana angeongeza ndoo.

Sasa nieleze jambo lililotaka kuniua.

Jumapili moja nilichelewa kanisani kwa sababu ya kikao cha akina mama. Niliporudi, Shukrani alikuwa amesimama langoni, mikono nyuma, anatabasamu kama mtu aliyepika kuku. Kulia kwake na kushoto kwake, na kando ya mlango wa jikoni, kulikuwa na ndoo tatu kubwa nyeupe zilizooshwa zikang'aa. Ndani ya kila ndoo lilisimama sale moja, refu, la kijani, limemwagiliwa.

Yalikuwa mazuri, nisiseme uongo. Lakini nilisimama palepale.

"Umeyatoa wapi?"

"Shambani kwako, mama. Kila siku unauliza shamba likoje. Nikasema nikuletee kitu cha kulekule ukione. Nilikuwa nimeyaficha nyuma ya nyumba."

"Shambani sehemu gani?"

"Kule chini, karibu na lile jiwe kubwa. Haya yalikuwa yamekaa peke yake peke yake, hayana kazi."

Nikakaa chini, si kwenye kiti, kwenye matofali ya mnafu.

Asiye wa huku namwambia: sale kwetu si ua. Sale ni mpaka. Ukiona sale limesimama peke yake shambani, ujue watu wawili walisimama hapo wakakubaliana, na tangu siku hiyo hakuna anayeligusa. Ng'ombe wa mtu anaweza kula mahindi yako, mkagombana, mkapatana. Aliyeng'oa sale hana pa kuanzia kujieleza.

Na masale yale hayakuwa ya mahali popote. Upande wa pili wa shamba langu ni shamba la Ramadhani, baba Saumu. Mpaka wetu unateremka umenyooka mpaka kwenye jiwe, halafu unapinda, ukizunguka kipande chenye majimaji ambacho Ramadhani analima magimbi. Kwa ajili ya kipande hicho, baba mkwe wangu na baba yake Ramadhani waliacha kusalimiana. Walikataa hata kuzikiana. Mwishoni walichoka, wakapanda masale kwenye kona, wakala pamoja juu ya jiwe, na nyumba zetu zimeishi vizuri tangu siku hiyo. Walioshuhudia wote wamekwisha kufa. Hakuna karatasi. Yalibaki masale tu, na mkwe wangu alikuwa ameyapanda kwenye ndoo za rangi.

Ukiyatoa yale matatu, mpaka unanyooka moja kwa moja. Ukinyooka, magimbi ya Ramadhani yanakuwa yangu.

"Mashimo je?" niliuliza. "Mashimo yapo?"

"Niliyafukia, mama. Nikasawazisha vizuri, mtu asije akateguka mguu."

"Lini?"

"Ijumaa mchana. Kulikuwa kimya, hakuna mtu."

Bila shaka hakukuwa na mtu! Ijumaa mchana wanaume wa bonde zima wako msikitini. Mkwe wa Yusta, yaani mimi, ameteremka saa ya swala, ameng'oa mpaka, amefukia mashimo na kusawazisha juu yake. Hata mimi, ningekuwa Ramadhani, ningeamini kwamba kile kibibi kilichokaa kwenye kiti cha plastiki kimepanga hilo jambo tangu mwaka juzi.

Nilimfokea. Nilimwambia mambo ya Mbagala na ya ndoo na ya watu wasiouliza. Hakulia, alibaki anapangusa udongo vidoleni, ingawa vidole vilikuwa safi.

"Kwetu haya tunauziwa kando ya barabara," akasema. "Watu wanaweka mlangoni. Mama, sikujua. Niyarudishe sasa hivi."

"Utayarudisha wapi, na umesawazisha? Hatua moja ukikosea, umehamisha mpaka mara ya pili. Na masika ndiyo hayo yanakuja, watu wanaanza kulima."

Nilikuwa sijamaliza kusema hayo niliposikia nje ya lango, "Hodi hapa!"

Sauti ya Ramadhani naijua tangu sijaolewa. Shukrani alivua kanga yake, akairusha juu ya sale la karibu. Sale likabaki limesimama limevaa kanga, majani yametokeza juu, likawa linaonekana zaidi kuliko mwanzo. Nikamwambia kwa macho aitoe. Akaitoa. Tukasema karibu, kwa sababu hakukuwa na neno lingine.

Aliingia na kofia yake ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumapili, na hilo lilinitisha zaidi.

"Onga mshi, mama Yohane," akanisalimia kwa Kisambaa.

"Onga, baba Saumu. Karibu ukae."

"Shikamoo, baba," akasema Shukrani, akipiga magoti kabisa.

"Marahaba, mwanangu. Habari za ndoo?"

Alikaa. Shukrani akaleta chai ya mchaichai. Ramadhani akanywa taratibu. Akasifu jeraniumu. Akacheka buti la marehemu, akasema hata alipokuwa hai halikuwahi kupendeza hivyo. Akauliza nyonga, akauliza Yohane, akaonja stroberi moja, akaomba nyingine. Wakati wote huo masale yalikuwa yamesimama mbele yake, marefu kumpita, na hakuyatazama hata mara moja. Mimi nilikuwa nimeshika fimbo kwa mikono miwili. Nilijua mtu wa huku akiwa na jambo kubwa huanza na madogo, na madogo ya Ramadhani yalikuwa hayaishi.

Hatimaye akaweka kikombe chini.

"Nimekuja kwa jambo la mpakani."

"Nalijua," nikasema. "Baba Saumu, nisikilize mimi kwanza."

"Ngoja. Nimelibeba tangu Ijumaa, acha nilitue." Akavua kofia, akaiweka gotini. "Nilipotoka kuswali nilipita shambani. Nikaona pale kwenye jiwe hakuna kitu. Nikazunguka, hakuna. Na chini hakuna. Mama Yohane, niliogopa kweli. Nilimkumbuka baba yangu na baba mkwe wako. Nikasema, jamani, yameanza upya, na safari hii ni sisi wenyewe."

Nikainua fimbo kumkatiza, akanizuia kwa kiganja.

"Basi nikainama. Nikaona udongo umelegea, umefukiwa, umesawazishwa, umepigwapigwa kwa viganja. Vidole vinaonekana vyote. Nikakaa pale juu ya jiwe nikawaza. Mtu anayeiba mpaka anafanya haraka, na hafukii palepale, anapanda sale lingine mbele kidogo. Huyu alifanya kazi polepole. Ameupapasa udongo kama anamlaza mtoto. Nikasema huyu anapenda mimea, na hajui alichong'oa. Na mtu wa namna hiyo bonde zima ni mmoja."

Hapo ndipo alipogeuka akayatazama masale, kisha akamtazama Shukrani.

"Yanaendeleaje, mwanangu? Yamekubali ndoo?"

Mimi nililia. Sikulia nilipovunjika nyonga, waulize walionibeba, lakini siku ile nililia mbele ya mwanamume wa watu, puani na machoni, mpaka nikakosa pa kufutia nikatumia kanga ileile iliyokuwa imevikwa sale. Nilimwambia hatukukusudia, nikamwambia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Najua," akasema. "Ila nami usiniache hivihivi. Unajua nilivyoteseka? Nilichoma kijiti kila penye udongo uliolegea, ili mashimo yasipotee. Halafu nikamkumbuka ndugu yangu Ismaili."

Ismaili ni mdogo wake. Ni mtu wa maneno mengi na hasira za karibu. Angeona vijiti mahali pa masale, habari ingefika sokoni kabla yeye mwenyewe hajafika.

"Jumamosi nzima nimeshinda kwenye magimbi," Ramadhani akaendelea. "Napalilia palipopaliliwa. Ismaili amepita akaniuliza naumwa? Nikasema napenda kivuli. Kivuli gani, pale hakuna hata mti! Leo tena nimeshinda hapo mpaka alasiri, ndiyo nikasema hapana, nitakufa kwa jua kwa ajili ya ndoo za mtu. Nilikuwa nasubiri mmoja wenu aje aseme neno."

"Mimi mwenyewe nimeyaona leo hii, dakika chache kabla hujabisha hodi."

"Kumbe!" akasema, na nikaona mabega yake yanashuka. Kumbe naye alikuwa na hofu yake. Alikuwa na uhakika na vidole vya Shukrani, lakini hakuwa na uhakika na mimi. Tulitazamana, wazee wawili tuliookoka ajali ileile, tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ua.

Tulikubaliana tuyarudishe asubuhi yake, mapema, Ismaili akiwa bado na chai yake. Nilisema Shukrani na Ramadhani waende wao. Ramadhani akakataa. Mpaka haupandwi na upande mmoja, akasema. Baba zetu walilishika kila sale wote wawili, mkono juu ya mkono, mpaka udongo ukajaa.

Kwa hiyo niliteremka. Bodaboda ilinifikisha pale njia inapoishia, na masale yakaja kwa bodaboda ya pili, ndoo zimefungwa kwa mpira. Kutoka hapo Ramadhani alinishika huku, Shukrani kule, na kila baada ya hatua chache nilisimama nikajifanya natazama bonde. Mara nyingine nilikuwa natazama kweli. Shamba langu lilikuwepo. Wale vijana hawakuniongopea. Mpeasi ulikuwa umerefuka, matuta yamekaa, na ule mteremko ulioniangusha ulikuwa mdogo kuliko nilivyokuwa nikiuona usiku nikilala.

Vijiti vilikuwepo. Shukrani akapiga magoti kwenye cha kwanza, akachimbua kwa mikono, akageuka.

"Hapana, baba. Kijiti kimekwenda pembeni. Shimo lenyewe lilikuwa hapa. Kulikuwa na jiwe jembamba upande huu, lilinikwaruza."

Akaingiza mkono, akatoa jiwe jembamba. Ramadhani akalipokea, akaligeuzageuza, akasema hili ndilo baba alilochomeka kulisimamisha sale. Alikuwa akisikia habari zake tangu utotoni na hakuwahi kuliona.

Tulishika sale la kwanza mimi naye, mkono juu ya mkono. Shukrani akajaza udongo, akausawazisha, akaupigapiga kwa viganja. Tukaenda la pili, tukaenda la tatu. Kwenye la mwisho Ramadhani hakuachia haraka.

"Mama Yohane, tulikuwa tumebaki mimi na wewe tunaojua kona hii, na hata sisi tulikuwa tunaijua kwa macho tu. Huyu ameijua kwa mkono. Tukishakufa, wakigombana, wamwite huyu."

"Mimi?" akauliza Shukrani. "Mimi niliyeng'oa?"

"Wewe uliyeng'oa. Nani mwingine anajua mashimo yalipo?"

Shukrani alitazama viganja vyake, kisha akanitazama mimi, akisubiri nikatae. Miaka miwili nimemkatalia mambo mengi.

"Ndiye," nikasema. "Ashike na yeye." Nikavuta mkono wake, nikauweka juu ya yetu, na matope yake yote.

Wakati wa kuondoka Ramadhani alisema haifai ndoo zirudi tupu. Akaingia kwenye magimbi yake, akang'oa machipukizi matatu pamoja na udongo wake mweusi wenye majimaji, akajaza ndoo mwenyewe. Nilimwambia asifanye mzaha, mtu akiona atasema nimehamisha shamba lake. Akasema nikihamisha ndoo tatu kila kiangazi, nitalimaliza baada ya vitukuu vyetu kufa, na yeye hana neno.

Sasa jua linakwenda kuzama nyuma ya Magamba, na Shukrani anapitisha maji kwenye bomba la mpira. Nimeshamwagilia jeraniumu, mnanaa, buti la marehemu na kikombe cha Klara. Magimbi nimeyaacha ya mwisho kwa sababu yanakunywa sana. Majani yake yamefunguka mapana, na tone la maji likianguka juu yake linabingirika bila kulowanisha kitu. Baba mkwe wangu alikufa akisema kipande kile ni chake. Nimekipata uani kwangu, kwenye ndoo za rangi, kwa kimo cha mkono wangu, na nimepewa kwa kicheko.

"Mama," Shukrani ananiita, "lile dumu lililopasuka nalo nilipande nini?"

"Uliza kwanza lilitoka wapi," namwambia, na tunacheka wote wawili.